Munyu wa Mama Sifuna na Kidonge cha Alfajiri

Nilimjua Nakhumicha kwa sababu ya takataka. Ilikuwa mwaka 2001, mwezi wa nane. Nilikuwa nimekodi shamba la maharagwe upande wa Kiminini, na kwa kuwa maharagwe yaliyopurwa shambani huota miguu, nilikuwa nikiyaleta Kitale yakiwa bado kwenye mashina, yapurwe ndani ya yadi yangu mbele ya macho yangu. Ubaya wake ni makapi. Yalijaa mpaka lori likashindwa kugeuka, na kila msimu nilimlipa mtu wa mkokoteni ayaondoe.

Asubuhi moja akaingia mwanamke mrefu, mwembamba, amebeba magunia manne matupu kwapani. Hakuniuliza kitu. Aliinama, akachota makapi, akayavunja kwa vidole, akayanusa, akayatupa. Mimi nimeanza biashara nikiuza mahindi kwa kopo kando ya barabara. Najua kwamba mtu anayenusa bidhaa ni mnunuzi, hata kama bidhaa yenyewe ni uchafu.

"Hayo yanauzwa," nikamwambia.

"Tangu lini?"

"Tangu uyanuse."

Alicheka, lakini hakuondoka. "Mama, mimi nimesimama hapo nje ya geti siku mbili. Nimeona mtu wa mkokoteni akibeba. Na anayetoa pesa ni wewe, si yeye."

Nikaona nimekutana na mtu wa kiwango changu. Tulivutana hapo karibu nusu saa, wapuraji wamesimama na fimbo zao wakitusikiliza kama wako sinema. Mwisho tukakubaliana: achukue makapi yote bure, lakini afagie yadi nzima mpaka chini ya lori, na kila Jumamosi aniletee chupa moja ya munyu. Nikalala nikijua nimemshinda. Nilipata mfagiaji na kiungo cha mboga kwa bei ya takataka.

Kwa asiyejua munyu, ni maji ya majivu. Makapi ya maharagwe huchomwa, majivu huwekwa kwenye debe lililotobolewa chini, maji humwagwa juu polepole, na kinachodondoka ni maji ya rangi ya chai nyepesi. Ukiyatia kidogo kwenye kunde au mrenda, mboga hulainika na kupata ladha yake. Bungoma, mboga bila munyu ni kumtukana mgeni. Kitale kulikuwa na makapi, Bungoma kulikuwa na wateja, na Nakhumicha alikuwa amekaa katikati. Jumatatu mpaka Alhamisi alichoma na kuchuja nyuma ya chumba alichopanga Kitale. Ijumaa alishuka sokoni Bungoma na chupa zake kwenye kreti la soda.

Ilinichukua miaka miwili kugundua kwamba chupa ya Jumamosi aliyokuwa akiniletea ilikuwa maji ya pili. Maji ya kwanza, yale makali, yalienda Bungoma. Majivu yaleyale yakimwagiwa maji tena hutoa maji mepesi, na hayo ndiyo yalikuwa yangu.

"Mama Sifuna, umenipunja," nikamwambia.

"Na wewe uliniuzia nini, Mama Kiragu? Si uliniuzia kitu ulichokuwa unatupa? Nami nakuletea nilichokuwa namwaga. Tuko sawa, bana."

Tangu siku hiyo tukawa marafiki, kwa namna ambayo watu wa soko huwa marafiki: kila mmoja anajua kisu cha mwenzake kiko wapi.

Mumewe, Wekoye, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Webuye. Alifariki 1996 akamwachia watoto wawili, Sifuna na Nabwile, na nyumba ya bati ya vyumba viwili, maili chache kutoka mjini Bungoma. Munyu ndio uliowasomesha. Sifuna alipata ufundi seremala, Nabwile akapata chuo cha ualimu wa chekechea. Nakhumicha mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, hakunywa, hakuvuta. Nalitaja hilo la kuvuta kwa sababu baadaye watu walilizungumza sana.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2004. Dispensari moja ikamwambia ni kifua kikuu, akameza dawa za kifua kikuu miezi na miezi bila nafuu. Alipokonda mpaka kitambaa cha kichwa kikawa kizito kuliko yeye, Sifuna akampeleka kwenye kliniki ya saratani upande wa Eldoret. Wakamtoa kipande cha nyama kifuani kwa sindano, kikapelekwa Nairobi. Jibu likarudi: saratani ya mapafu, na ilikuwa imeshasambaa, haikuwezekana kukatwa.

Kanisani watu wakaanza kunong'ona ati lazima alikuwa akivuta sigara kwa siri.

"Labda nilivuta nikiwa usingizini," akawajibu. Daktari aliulizwa kama ni moshi wa makapi. Akasema huenda, huenda pia siyo, na kwamba kuna wanawake wengi wasiovuta ambao hupata aina hiyohiyo. Lakini akamwambia jambo moja zuri: aina hiyo, kwa watu kama yeye, wakati mwingine husikia dawa mpya ya kumeza, inayolenga chembe za saratani zenyewe badala ya kupiga mwili mzima. Bei yake ilikuwa ya kuuza shamba na wenye shamba. Ila kliniki ilikuwa na msaada wa wagonjwa wachache, na nafasi moja ilikuwa wazi. Sharti lilikuwa mgonjwa awe na mtu wa kusimamia dawa, mtu mwenye simu inayoshikwa.

Akaja yadini Machi 2005, akakaa kwenye gunia.

"Mama Kiragu, nataka namba yako niwape hospitali."

"Ya nini? Si una ndugu?"

"Ndugu zangu wanashika simu wakiitwa kula."

"Na mimi nitapata nini?"

Akakohoa kwanza, akajifuta mdomo. "Mteja akifa, haya makapi utayapeleka wapi?"

Nikampa namba. Siku ya kuchukua dawa nikafunga yadi, nikaenda naye, kwa sababu mimi siwezi kusimamia mzigo ambao sikuuona ukipimwa.

Sista aliyetupokea aliitwa Chelangat, mwanamke mfupi wa sauti ya chini, lakini akisema unajikuta umekaa wima. Akaweka chupa ndogo nyeupe mezani na kutueleza masharti yake. Kidonge kimoja kila siku, saa ileile. Tumbo liwe tupu: saa mbili tangu ulipokula, na baada ya kumeza subiri saa nzima kabla ya kula. Kimezwe kizima na maji ya kawaida, kisipondwe wala kutafunwa. Ukikosa siku moja usimeze viwili kesho yake. Kisigusweguswe na watu wengine, hasa Nabwile akipata mimba. Usimpe mtu mwingine hata kipande. Kuhara kukizidi siku mbili, piga simu. Pumzi ikikata ghafla au homa ikipanda, usipige simu, njoo.

"Na upele utatoka usoni," akaongeza. "Usiogope. Mara nyingi upele ni dalili kwamba dawa imefika mahali pake. Usitumie dawa yoyote nyingine bila kuniuliza. Zile tembe za kiungulia za dukani ndizo usiguse kabisa. Dawa hii inahitaji ukali wa tumbo ndipo iyeyuke. Ukiua ule ukali, kidonge kinapita tu."

"Nimesikia," akasema Nakhumicha.

Nami nilisikia. Nataka hilo liandikwe, kwamba na mimi nilisikia.

Tukachagua saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa saa hiyo mimi huwa macho nikingoja malori. Nabwile alikuwa amempa mama yake simu yake ya zamani. Basi kila alfajiri nikawa namflashi mara moja, simu ilie nikate, naye akishameza ananirudishia flashi moja. Hakuna aliyeshika, hakuna aliyelipa. Miezi na miezi kampuni ya simu ilituhudumia bila kupata ndururu. Nakhumicha alidondosha kidonge kwenye kifuniko cha chupa, si kiganjani, akakitupa mdomoni, akanywa maji kikombe kizima, akakaa mlangoni akingoja saa nzima ipite ndipo apike chai.

Wiki ya pili upele ukatoka puani, mashavuni na kifuani, mwekundu, kama wa kijana wa sekondari. Watoto wa ploti alimopanga wakamwita shosho chunusi, yaani nyanya mwenye chunusi. Aliharisha pia, nikapiga simu, Chelangat akasema anywe maji ya chumvi na sukari, na dawa ya kuharisha akampa yeye mwenyewe. Lakini kikohozi kilipungua. Mwezi wa tano alikuwa akifagia yadi bila kupumzika. Mwezi wa sita picha ya mashine ikaonyesha uvimbe umepungua karibu nusu. Daktari aliiweka kwenye taa, akatuonyesha kwa kalamu. Mimi si mtu wa kulia. Nilimwuliza kama picha ni yetu au inabaki.

Shemeji yake Hesbon, mvutaji mkubwa, alisikia habari za hiyo dawa. Akaja kutoka Bungoma na kikohozi chake.

"Shemeji, nikatie tu nusu."

"Hesbon, hii si ugoro wa kuchotea wageni."

"Nusu tu, si unayo chupa nzima?"

"Nenda upimwe. Wakikuandikia yako, tutameza pamoja kama wachumba."

Hesbon akaenda bila kidonge, amekasirika, na sigara aliiwasha kabla hajafika getini.

Ndivyo tulivyokwenda mpaka mwezi wa kumi na moja. Hapo kiungulia kikamwanza. Kilimpanda kifuani kama moto, hasa asubuhi. Kwenye kioski wakamwambia anunue tembe za kutafuna, zile nyeupe. Akakataa, na alijivunia kukataa. Alikuja kunisimulia.

"Nikawaambia, mimi niko na sista wangu Eldoret, amenikataza. Wakaniangalia kama nimesema niko na askari."

"Umefanya vizuri," nikasema.

Huku akiniambia hivyo, alikuwa amekaa kwenye gunia langu, akatoa kwenye mfuko wa aproni kichupa kidogo cha dawa ya kikohozi iliyokwisha, akafungua, akanywa funda moja, akakunja uso. Ulikuwa munyu. Maji ya kwanza. Mama yake alikuwa akituliza kiungulia hivyo, na nyanya yake pia, na nusu ya wanawake wa Bungoma. Niliona kwa macho yangu. Sikusema kitu, kwa sababu sikuwaza kitu. Munyu ulikuwa kitu cha mboga. Hakuna mtu anayeenda hospitali kuuliza kama anaweza kula mboga.

Desemba Nabwile akaolewa, na muujiza ukatokea: uso wa mama yake ukasafika. Upele wote ukakauka ukaisha, akabaki laini kama aliyepakwa samli. Siku ya harusi pale Bungoma wanawake walimsifu mpaka bibi harusi akaona wivu. Mchungaji alishukuru kwa kipaza sauti. Nami nilishukuru, nikala kuku, nikarudi Kitale.

Januari kikohozi kikarudi. Kwanza kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Mwisho wa mwezi alikuwa ameacha tena kufagia chini ya lori, anafagia njia tu, na mimi nikajifanya sioni.

Februari 2006 tukaenda kliniki. Daktari akaweka picha mbili kwenye taa, ya Juni na ya siku hiyo, na hakuwa na haja ya kutumia kalamu. Uvimbe ulikuwa umeanza kukua.

"Mama," akasema, na alisema kwa upole, "dawa hii hufanya kazi kwa muda. Halafu saratani hujifunza njia nyingine. Nafikiri tumefika hapo. Itabidi tuisimamishe. Kuna mgonjwa mwingine anangoja nafasi."

Nakhumicha akainua mkono akagusa shavu lake, sijui kwa nini. Chelangat, aliyekuwa akiandika mlangoni, akaangalia ule mkono.

"Mama Sifuna, upele ulienda lini?"

"Kabla ya harusi ya Nabwile. Mungu alinisaidia."

"Na hukukosa kidonge?"

"Hata kimoja. Muulize huyu. Ananiflashi, namflashi."

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kama mfanyabiashara, jambo ambalo nilipaswa kulifanya miezi mitatu nyuma. Gunia likitoka shambani kavu likafika yadini limelowa, hulaumu mahindi. Unauliza lilipita wapi. Kidonge kilikuwa kilekile, saa ileile, mtu yuleyule. Kilikuwa kikipita wapi?

"Daktari, ngoja kidogo," nikasema. "Mama Sifuna, kile kichupa kiko wapi?"

"Kichupa gani?"

"Cha aproni."

"Si dawa hiyo," akasema haraka, akimtazama Chelangat. "Ni munyu. Ni chakula. Tembe za duka sijagusa, naapa."

"Hakuna anayekushika, mama," Chelangat akamwambia. "Nipe tu nione."

Kichupa kikatoka kwenye mkoba. Daktari akanusa, hakuelewa. Hakuwa mtu wa pande zetu. Nikamweleza habari za makapi, majivu na debe lenye matundu. Nikamwambia ni mwezi wa kumi na moja alipoanza kunywa, na ni Desemba upele ulipokauka, na ni Januari kikohozi kiliporudi. Nilizitaja tarehe zile kama ninavyotaja tarehe za malori.

Chelangat alivuta droo akatoa ukanda wa karatasi wa kupimia mkojo, wenye viraka vya rangi. Akauchovya ndani ya munyu. Kiraka kimoja kikabadilika palepale, kikawa buluu ya giza, kikapita rangi ya mwisho iliyochorwa kwenye kopo la kanda hizo.

"Huu ni ukali wa upande wa pili," akasema. "Huu unaua ukali wa tumbo kuliko tembe yoyote ya duka. Unakunywa saa ngapi?"

"Alfajiri. Nikishameza kidonge, moto ukipanda, napiga funda. Mchana mawili matatu."

Daktari akakaa, akaangalia picha na ule ukanda kwa zamu.

"Inawezekana," akasema. "Lakini siwezi kuwaahidi. Inawezekana pia saratani imejifunza kweli, na huu munyu umetokea tu wakati huohuo."

"Basi mpe wiki sita bila munyu," nikasema. "Ukipiga picha ukakuta bado inakua, chupa mpe huyo anayengoja, na sisi hatutabisha."

"Mama, hapa si sokoni."

"Ingekuwa sokoni ningeanza na miezi sita."

Chelangat akageuza uso kuelekea ukutani. Daktari akamtazama Nakhumicha.

"Wiki nne," akasema.

"Upele ulichukua wiki mbili kutoka mara ya kwanza," nikasema. "Picha nayo inahitaji muda ili ionyeshe. Wewe ndiye unajua kuliko mimi, daktari. Wiki nne zinatosha kuona?"

Akapumua. "Hazitoshi. Haya, sita. Lakini pumzi ikibadilika, unaletwa siku hiyohiyo. Na kwa hizo wiki sita, hakuna munyu kabisa. Hata kwenye mboga, ili tujue tunapima nini."

Nilidhani vita vimekwisha, kumbe mgonjwa mwenyewe ndiye alikuwa bado.

"Hata kwa mboga?" akauliza. "Nikiwa na wageni?"

"Wageni wapikie sufuria yao."

"Daktari, kunde bila munyu ni majani ya ng'ombe."

"Wiki sita," akasema daktari, "na mimi nimejadiliwa vya kutosha leo."

Kwa kiungulia, Chelangat akamfundisha kula kidogo kidogo badala ya sahani moja ya mlima, kupunguza chai kali, kutolala mara tu anapomaliza kula, na kuinua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili. Matofali nilitoa mimi. Yalikuwa ya ujenzi wa choo cha yadi, na choo kilichelewa.

Wiki hizo sita ndizo zilizokuwa ndefu kuliko miaka yote niliyomjua. Makapi alikuwa hachomi tena. Kwa kukohoa kule, Sifuna alikuwa amemkataza moshi. Alikaa yadini kwangu akichambua maharagwe na kulalamikia mboga. Alfajiri flashi ilikwenda, flashi ikarudi. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili hakuna kitu, na kikohozi kilikuwa kilekile. Nilianza kumtafutia maneno ya kumwambia, nikakuta sina, kwa kuwa maneno yangu yote ni ya kununua na kuuza.

Jumanne ya wiki ya tatu flashi haikurudi. Nikaflashi mara ya pili. Kimya. Nikavaa viatu. Nilipofika getini kwangu nikamkuta amesimama nje kwenye baridi, kitambaa amekivuta mpaka puani.

"Umemeza?"

"Nimemeza. Simu haina moto. Mama Kiragu, washa tochi unimulike."

Akavuta kitambaa. Kando ya pua, kwenye kidevu, na kimoja kikubwa katikati ya paji la uso: upele, mwekundu, unang'aa.

Nimenunua na kuuza vitu vingi, lakini sijawahi kukagua kitu kwa furaha kama uso ule mbaya. Nilimmulika upande huu na upande huu, nikahesabu vitano.

"Vitano tu?" nikamwambia. "Mara ya kwanza vilikuwa kama ishirini."

"Si ndiyo vinaanza, bana. Ngoja vijae."

Vikajaa. Watoto wa ploti wakarudisha jina lao la zamani, naye akawa anawaitikia. Mwisho wa Machi daktari akaweka picha ya tatu kwenye taa. Uvimbe haukuwa umefika ule udogo wa Juni, lakini ulikuwa umeacha kukua, na ukingo mmoja ulikuwa umerudi nyuma. Akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachukua ile karatasi ya masharti wanayopewa wagonjwa, na mbele yetu akaongeza kwa kalamu, chini ya tembe za kiungulia: maji ya majivu, magadi, na kitu chochote cha jikoni kinachonywewa kutuliza tumbo. Chelangat tangu siku hiyo akawa hamwulizi mgonjwa "unatumia dawa gani nyingine." Alikuwa akiuliza, "Ukiumwa tumbo, mama yako alikuwa anakupa nini?" Aliniambia mwenyewe kwamba majibu yalikuwa yakimshangaza kila wiki.

Nakhumicha akaimeza ile dawa mwaka mmoja na miezi mitano zaidi. Alimwona mtoto wa Nabwile akizaliwa na akimwita kukhu, yaani nyanya. Munyu hakurudia. Mteja wake mmoja wa Bungoma alikuja mpaka Kitale kumbembeleza, naye akamfundisha kuchuja, akamwonyesha wapi pa kupata makapi, ila alimwambia achomee mahali pa wazi na akae upande upepo unakotoka. Wageni aliwapikia sufuria yao, akawa anawatazama wakila.

Agosti 2007 dawa iliacha kufanya kazi kweli. Safari hiyo upele ulikuwepo, kiungulia hakikuwepo, hakuna chochote kilichoizuia njiani. Daktari alipotuambia hivyo, Nakhumicha akamjibu, "Wewe ulinipa wiki sita, angalia zimezaa nini." Akaenda nyumbani kwake Bungoma, akafariki mwezi wa kumi, mchana, watoto wote wakiwepo. Mimi nilifika jioni. Nabwile akanipa ile chupa nyeupe, imefungwa kwenye leso, na agizo la mama yake: irudishwe kwa Chelangat, na Hesbon asipewe. Hesbon alikuwa amekaa palepale karibu, akasikia, akainamisha kichwa.

Kila upande ulipata nini? Yeye alipata miaka miwili na nusu ambayo hakuna aliyekuwa amemwahidi, na katika hiyo, mwaka mmoja na miezi mitano tuliupata kwa mabishano ya robo saa. Alipoteza kazi ya mikono yake na ladha ya kunde. Mimi nilipoteza mfagiaji. Sasa namlipa tena mtu wa mkokoteni, na chini ya lori hafagii. Nilipoteza pia ile flashi ya saa kumi na moja. Nilichopata, nikijumlisha vyote, ni zaidi ya nilichotoa, na si mara nyingi nakubali kusema hivyo.

Chupa niliirudisha wiki iliyofuata. Chelangat aliimimina kwenye trei bila kugusa, akahesabu vidonge kumi na kimoja, akaandika. Nikamwuliza kama yule anayengoja nafasi anaweza kupewa. Akasema chupa iliyofunguliwa haipewi mtu mwingine, vitateketezwa. Mgonjwa mpya atafunguliwa yake.

Vidonge kumi na kimoja, vizima, vya bei ile. Sijawahi kuona mali nzuri ikienda kuchomwa nikakosa la kusema. Siku hiyo niliikunja leso ya Nakhumicha, nikaiweka mfukoni, nikamshukuru sista, nikatoka.